Mchikichi Usiozaa Ngazi

Sisi ni familia ya watu saba. Tulikaa Nyarugusu tangu 1997 mpaka 2016, na sasa tunaishi Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Hapa Wakongo tuko wengi, mpaka Kiswahili unakisikia dukani na shuleni.

Tangu picha ya nyuma ya nyumba yetu ianze kuzunguka kwenye simu huko kambini, maswali yamekuwa mengi. Kweli kwenye theluji mnapanda michikichi? Lile bwawa mnavua nini? Wengine wamesema tunadanganya, eti picha tumeipiga Kigoma. Basi tumeona ni vizuri tujibu hapa mara moja, ili kila mtu asome.

Jibu fupi ni hili: miti ile ni ya jamii ya mchikichi, ila sio mchikichi wetu. Haitoi mawese hata tone. Na samaki wa bwawa lile hatuwali. Sasa mtauliza, kama hakuna mawese na hakuna samaki wa kula, ya nini kuhangaika? Hapo ndipo penye habari.

Kwa nini mchikichi wetu haukai huku

Mchikichi wa mawese ni mti wa joto, asili yake Afrika ya Magharibi na ya Kati. Unapenda nyuzi joto 24 hadi 28 na mvua ya kutosha. Joto likishuka chini ya 15 unaacha kukua. Ndiyo maana kwetu Fizi umejaa mwambao wa ziwa, kuanzia Baraka na Mboko mpaka Kazimia, lakini ukipanda milima kuelekea Itombwe unaupoteza njiani. Kule juu ni ng'ombe, mahindi na viazi.

Lexington ni baridi kuliko Itombwe. Mwezi wa Januari, usiku, mara nyingi tunashuka chini ya sifuri. Maji yaliyo ndani ya jani yanaganda, na yakiganda yanapasua jani kwa ndani. Asubuhi jua likitoka, jani linakuwa jeusi kama limepitiwa na moto.

Tena kuna jambo ambalo kila mtu aliyelima michikichi analijua. Mwembe ukiukata kilele, unachipua pembeni. Mchikichi hauna pembeni. Una moyo mmoja tu, pale juu katikati ambapo majani machanga yanatokea. Moyo ukioza au ukikatwa, mti mzima umekwisha, hata kama shina limesimama miaka mitatu.

Koko na dirisha

Koko wetu, yaani mama yake baba, alikuwa na michikichi yake karibu na Baraka. Aliiacha 1996 wakati wa vita. Alipofika kambini alipanda mmoja nyuma ya nyumba, na wengi wenu mmeshakula mawese yake. Tulipopata safari mwaka 2016 aliuacha kwa mdogo wake, ambaye yuko huko hadi leo.

Huku majira ya kwanza ya baridi yalimshika vibaya. Mwezi wa Desemba jua la Lexington linazama saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Sisi wakubwa tulikuwa kazini, wengine zamu ya usiku, watoto shuleni. Koko alibaki na televisheni inayosema Kiingereza. Alikaa dirishani siku nzima. Akaanza kuacha chakula, halafu akaanza kuacha maneno. Tulimpeleka hospitali wakapima damu, wakapima moyo, hawakuona kitu. Tukimuuliza, "Koko, unaumwa wapi?" anajibu, "Siumwi. Nimekaa tu kama mzigo."

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa tumemkalisha mzee wetu kama mgeni kwa miezi, tukidhani ndiyo heshima. Jembe lenyewe halikutoka kwetu. Lilitoka kwa jirani.

Mti wa mzee jirani

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mzee wa Kimarekani, mjane, mstaafu. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mti uliofungwa gunia kama mtoto aliyefunikwa blanketi. Mwezi wa Aprili alipoufungua, koko aliona majani kutoka dirishani. Akatoka bila koti, akavuka nyasi za watu, akaenda kuushika. Hakujua Kiingereza, na yule mzee hakujua Kiswahili. Walizungumza kwa mikono. Siku hizi koko anamwita shemeji, na yeye anaitika bila kujua maana yake.

Kumbe kuna aina chache za jamii hii zinazostahimili baridi. Mzee jirani alikuwa na mbili. Ya kwanza asili yake ni China, jina la kitaalamu ni Trachycarpus fortunei. Majani yake ni ya kipepeo kama ya mvumo, na shina limevikwa nyuzi kama manyoya. Wachina tangu zamani wanasuka kamba na makoti ya mvua kwa nyuzi hizo. Mti mkubwa wa aina hii unaweza kuvumilia nyuzi kama 15 chini ya sifuri.

Ya pili ni ya hapa hapa Marekani, majimbo ya kusini-mashariki. Jina lake ni Rhapidophyllum hystrix. Huu ni mfupi, unaota kama kichaka, na katikati una miiba mirefu kama sindano. Ndio unaosemwa kuwa mgumu kuliko wote kwa baridi, unapita nyuzi 20 chini ya sifuri. Tena wenyewe unatoa machipukizi chini, kwa hiyo hautegemei moyo mmoja kama ndugu zake. Tumeandika majina ya kitaalamu kwa sababu ukiyaonyesha kwenye duka la miche wanaelewa mara moja, hata kama Kiingereza chako ni cha kuunganisha.

Tulinunua mmoja mmoja. Koko aliiangalia, akauliza, "Muti wa bila ngazi ni wa nini?" Lakini beleshi alikuwa ameshalichukua.

Jinsi tunavyoulinda moyo

Haya ndiyo tuliyofundishwa, na tumeyafanya miaka yote.

Kupanda ni majira ya kuchipua, mwezi wa Aprili au Mei, ili mizizi ishike kabla ya baridi. Mahali ni upande wa kusini wa nyumba, karibu na ukuta wa matofali. Huku jua la majira ya baridi linapita kusini, chini chini, na ukuta unashika joto mchana na kulirudisha usiku.

Mwezi wa Novemba tunarundika majani makavu kuzunguka shina, kimo cha sentimita 20 hivi, ardhi isigande upesi kwenye mizizi. Baridi kali ikitangazwa, tunayakusanya majani ya mti juu na kuyafunga kwa kamba, kama mama anavyomsuka mtoto nywele. Halafu tunazungusha taa za Krismasi za zamani, zile zinazopata moto ukizishika. Taa za LED hazifai, zinang'aa tu bila joto. Juu yake tunavika gunia. Gunia linapumua. Nailoni ikigusa majani inafungia unyevu ndani, na jua likitoka mti unachemka na kuoza. Mwisho tunaweka kifuniko juu, mvua isiingie kwenye moyo ikaganda humo.

Angalieni kwamba kazi yote hiyo ni ya moyo. Jani moja moja likiungua, haturudi nyuma kulililia. Mti utatoa jingine. Koko ndiye aliyetufundisha kusema hivyo.

Bwawa, na swali la mdogo wake koko

Mwaka wa pili koko alitaka maji. Alisema nyumba bila maji ya kuangalia ni kama gereza. Alitaka kufuga perege kama zile etangi za kwetu. Hapo mzee jirani alitikisa kichwa: maji yakishuka kufika nyuzi 10 hivi, perege wanakufa. Tukachagua wale samaki wadogo wa mapambo, wekundu na wa rangi ya chungwa, ambao Wachina wamewafuga zaidi ya miaka 1,000. Hao baridi wanaijua.

Kabla ya kuchimba tulipiga simu namba 811. Hii ni namba ya bure Marekani nzima. Wanakuja kukuonyesha mabomba ya gesi na nyaya za umeme zilizo chini ya ardhi. Ndugu mnaokuja huku, msichimbe shimo bila kupiga namba hiyo, beleshi moja linaweza kulipua nyumba. Tukauliza pia sheria ya ua, maana katika miji mingi ya huku bwawa la kina kirefu lazima lizungushiwe uzio. Na hata pasipokuwa na sheria, mtoto mdogo anazama kwenye maji ya goti. Tulijenga uzio kwanza, maji yakaja baadaye.

Bwawa letu lina urefu wa mita 3, upana wa mita 2, na katikati kina cha sentimita 90. Chini tumetandika mpira mzito. Maji ya bomba yana klorini inayoua samaki, na mingine haitoki hata ukiyaacha maji siku mbili, kwa hiyo tunatia dawa ya kuiondoa. Koko aliuliza jambo moja tu: "Na mbu?" Samaki wanakula viluwiluwi vya mbu. Akaridhika.

Mdogo wake aliposikia kwa simu kwamba bwawa limeganda, alishtuka sana. "Yaya," aliuliza, "maji yakiwa jiwe, samaki wanapumulia wapi?" Swali hilo tuliulizwa na wengi, tujibu vizuri.

Maji yana tabia ya ajabu. Vitu vingi vikipoa vinazidi kuwa vizito. Maji nayo yanazidi kuwa mazito mpaka yanapofika nyuzi 4, na hapo yanazama chini. Yakipoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi tena, yanapanda juu, na juu ndiko yanakoganda. Kwa hiyo barafu inakaa juu kama blanketi, na chini yake kuna maji ya nyuzi 4 hivi. Samaki wanashuka huko chini na kutulia. Moyo wao unapiga polepole, chakula hawataki. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 sisi tunaacha kuwalisha, maana chakula kinawaozea tumboni.

Kinachowaua sio barafu yenyewe, ni kufungiwa. Majani yaliyooza chini yanatoa gesi, na barafu ikifunika pote gesi haitoki na hewa haiingii. Ndiyo sababu tunatoa majani kwa wavu kabla ya Desemba, na tunaacha tundu moja wazi. Pampu ndogo ya hewa inatosha kulishikilia tundu hilo. Likiziba, tunaweka sufuria ya maji ya moto juu ya barafu mpaka itoboke. Hatupigi kwa nyundo kamwe, mshindo unapita majini na kuwaumiza samaki.

Koko aliposikia maelezo hayo yote, aliyafupisha kwa simu hivi: "Mdogo wangu, tunawaachia tundu. Tundu moja linatosha."

Desemba 2022

Mwaka huo, siku mbili kabla ya Krismasi, baridi ilishuka kwa ghafla. Mchana mmoja tu tuliona mvua, halafu theluji, halafu upepo wa kukata masikio. Kipimo kilipita nyuzi 18 chini ya sifuri. Huku wanapima kwa Farenhaiti, na 32 yao ndiyo sifuri yetu. Usiku ule walikuwa chini ya sifuri yao wenyewe. Umeme ulikatika kwa muda, taa za Krismasi zikazimika ndani ya gunia, na pampu ikanyamaza.

Usiku ule tulikaa wote chumba kimoja, kama zamani. Koko hakulala. Kila saa alimtuma mjukuu mmoja na sufuria ya maji ya moto, jiko letu ni la gesi. Samaki kumi na wanne, walitoka kumi na wanne.

Mti haukutoka hivyo. Ule wa miiba uliungua ncha tu. Lakini ule wa China, tulipoufungua mwezi wa Machi, majani yote yalikuwa ya kahawia. Tulivuta polepole lile jani changa la katikati lililosimama kama mkuki, likatoka mkononi, na chini yake lilinuka uozo. Mzee jirani mwenyewe alisikitika. Watoto wakasema tuung'oe, dukani kuna mingine.

Koko alikataa. Alikata majani yote yaliyokufa, akasafisha tundu la katikati, akatia dawa ya kuzuia kuoza ambayo shemeji yake alimpa, akalifunika mvua isiingie. Halafu akangoja. Aprili kitu hakuna. Mei kitu hakuna. Sisi tulikuwa na wasiwasi sio juu ya mti, juu yake yeye. Tuliogopa mti ukifa atarudi dirishani.

Mwezi wa Julai, wiki ya kwanza, kitu cha kijani kilitokea katikati, kidogo kama ukucha, kimekatika ncha na kupinda. Jani la kwanza lilikuwa bovu, la pili nusu, la tatu zima. Koko alituita wote tuje tuone. Hakushangilia. Alisema tu, "Moyo ulikuwa ndani."

Kwenu mlio kambini, na mlio njiani

Tunajua wengi wenu hamna habari ya kusafiri. Januari 2025 safari za wakimbizi kuja Marekani zilisimamishwa, na mdogo wake koko ni mmoja wa waliobaki na karatasi mkononi, vyombo ameshagawa. Hatuwezi kumwambia avumilie kama vile sisi tumekaa pazuri na yeye pabaya. Tunachoweza ni kusema tuliyoyaona.

La kwanza, mzee anayefika ugenini, au anayekaa kambini miaka mingi, msimkalishe. Mpeni kitu kinachomhitaji, hata kama ni kuku watatu au mche mmoja. Dawa ya hospitali haikumpata koko mahali alipokuwa. Kitu kilichohitaji amke asubuhi kilimpata.

La pili, msitafute huku kitu kile kile mlichoacha. Mchikichi wa Baraka hauji Kentucky, na tukiulazimisha tutauzika. Lakini una ndugu wanaoishi hapa. Ni wafupi, hawazai ngazi, wana miiba. Ukiwafahamu, wanatosha kumtoa mtu dirishani. Mawese tunanunua dukani kwenye chupa, na koko kila mara anasema hayana harufu.

La tatu ni la kilimo, na linafaa hata huko kwenu. Majani makavu tunayorundika hapa kwa ajili ya baridi, ninyi yarundikeni kuzunguka miche wakati wa kiangazi. Kazi ni ile ile: kulinda mizizi. Acheni nafasi kidogo pasigusane na shina, lisioze.

Mchikichi wa koko nyuma ya ile nyumba ya zamani bado unazaa. Mdogo wake akikata ngazi anapiga picha na kumtumia. Koko naye anamtumia picha ya tundu kwenye barafu. Kila Jumapili wanapeana habari, huyu mawese, huyu samaki, na vifurushi vya simu vinaisha kwa mambo hayo. Hivyo kama una swali ambalo hatukulijibu hapa, huna haja ya kutuandikia. Nenda kamuulize yeye. Kuhusu samaki wa kwenye barafu, hakuna asichokijua.